Watoto Kumi na Mmoja wa Wodi ya Damari

Land Rover ya hospitali ilikuwa imeshatoka barazani na kufika nusu ya njia ya kwenda getini, akina mama watatu wa safari ya kwanza wamekaa nyuma na vichanga vyao vifuani, Inspekta Yeremia Nkuwi alipoiwekea pikipiki yake mbele akaizima hapo hapo.

"Afande, toa hicho chuma chako," Simoni dereva alisema, kichwa nje ya dirisha. "Mimi nina safari ya Singida."

"Umebeba nini?"

"Wagonjwa. Hatari kweli kweli. Hata mimi nimefungwa kitambaa puani, huoni?"

Yeremia alizunguka nyuma. Upepo wa Septemba ulikuwa unapuliza vumbi jekundu mpaka ndani ya turubai. Mama wa kwanza, binti mwembamba aliyejitaja kwa jina la Scola, alikuwa amemfunika mtoto kwa khanga mbili na sweta la mitumba. Uso uliotokeza ulikuwa mdogo kama ngumi.

"Ana siku ngapi?"

"Kumi na moja. Kilo moja na robo." Scola alivuta khanga. "Wanasema ana kirusi cha kuharisha. Afande, huyu hajaharisha hata mara moja. Ananyonya, analala, ananyonya. Sasa nampeleka kilomita sabini za mawe, na upepo huu, kwa ugonjwa ambao mimi mamaye sijauona."

"Zima gari, Simoni," Yeremia alisema.

Daktari Philipo, mganga mfawidhi wa Hospitali ya Ntundwa, alishuka ngazi za baraza mbio mbio. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, na kwa siku saba hakuwa amelala vizuri, macho yalisema.

"Inspekta, nilikuandikia uje kumhoji mtu. Sikukuandikia uje kuzuia gari."

"Umeniandikia kwamba ugonjwa umeletwa na mtu. Ukishawaondoa watoto, nitamchunguza nani? Vitanda?"

"Watoto kumi na mmoja wana kirusi cha rota. Wa kumi na mbili tumemzika. Mkoani wamekubali kuwapokea kwenye chumba cha peke yao. Wodi hii naifunga leo."

"Hicho chumba kina taa za kuwapa joto?"

Daktari alisukuma miwani yake juu.

"Nipe mpaka saa saba mchana," Yeremia alisema. "Saa saba ikifika, mimi mwenyewe nitafungua geti."

Daktari Philipo aliangalia saa yake. Ilikuwa saa mbili na nusu. Aliwatazama wale akina mama, akatazama vumbi, akasema, "Saa saba. Dakika moja zaidi hapana." Scola alikuwa ameshashuka.

Kilichomleta Yeremia kilikuwa karatasi mbili. Elisha, mkulima wa alizeti, baba wa yule mtoto aliyefariki Alhamisi, alikwenda kituo cha polisi Singida akaandikisha kwamba muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga, Damari Mpondo, alimwua mwanawe kwa uchafu wa mikono yake. Karatasi ya pili ya mganga mfawidhi ikasema kuwa jambo hilo linawezekana. Kwa karatasi mbili kama hizo mtu hulala rumande. Amri ya kumkamata Damari ilikuwa mfukoni mwa Yeremia, imekunjwa mara nne.

Mlangoni mwa wodi kulikuwa na ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni ya pinki. Yeremia alinawa. Sabuni iliteleza viganjani kama jiwe la mtoni, povu hakuna.

"Rudia," sauti ilisema. "Mpaka kwenye viwiko."

Alikuwa Damari. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, mrefu, gauni jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Yeremia alirudia mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Umekuja na pingu?"

"Ziko kwenye pikipiki."

"Ziache huko zipigwe jua. Ingia."

"Sabuni yenu haitoi povu."

"Sabuni za soko huria hizo, tangu Jumatatu ya wiki iliyopita ziko hivyo. Rangi unayoitaka ipo, harufu unayoitaka ipo, povu ndilo hakuna. Zamani tulipanga foleni kwa kipande kimoja, lakini kipande kilikuwa sabuni. Mwaka wa themanini na tatu tulipokosa hata hicho, nilichemsha majivu na mafuta ya ng'ombe hapo nyuma ya jiko nikatengeneza yangu. Wodi hii haijakosa sabuni siku moja, andika hilo kwenye daftari lako."

Yeremia aliandika. Wodini kulikuwa na joto. Vitanda vidogo vilipangwa mistari miwili, kila kimoja na chupa ya maji moto iliyovishwa soksi, na kila kimoja na mtungi wake, kitambaa chake, kijiko chake. Hakuna kilichogusana na cha jirani.

"Sista, Elisha anasema mikono yako ilimwua mwanawe."

"Mtoto wa Elisha alizaliwa miezi sita na nusu. Gramu mia tisa. Nilimweka kifuani kwangu zamu tatu, mamaye alipokuwa hajiwezi." Damari hakushusha sauti wala hakuipandisha. "Miaka kumi na minane niko hapa. Ugonjwa haujavuka kutoka kitanda hiki kwenda kile. Hata mmoja. Kama ningekuwa mchafu, afande, wilaya hii ingekuwa na makaburi mengi kuliko nyumba."

Alimfungulia daftari la uzito. Yeremia alipitisha kidole safu kwa safu, jina kwa jina. Mtoto wa Scola: Jumatatu gramu 1,190, Ijumaa 1,230, leo 1,260. Pacha wa kitanda cha nne: wamepanda wote wawili. Kitanda cha saba: amepanda. Alifika mwisho akarudi mwanzo.

"Hawa wote kumi na mmoja wana kirusi?"

"Maabara inasema hivyo."

"Na wote wanaongezeka uzito?"

"Wewe ndiye unayesoma."

"Mimi nimekimbizana na wezi wa ng'ombe miaka ishirini, Sista. Sijaona mwizi anayeingia zizini akaacha ng'ombe wameongezeka."

Kwa mara ya kwanza Damari alicheka, kicheko kifupi cha puani.

Lakini mpelelezi hafungi mlango kwa kicheko. Alimwita Flora, mhudumu wa wodi, kwa sababu alikuwa amesikia kwa Simoni kwamba Flora alitoka Kiomboi kumuuguza mtoto wa dada yake, na yule mtoto alikuwa akiharisha. Flora aliingia akikunja aproni.

"Uliondoka lini hapa?"

"Jumamosi ya tarehe kumi na nane."

"Ukarudi?"

"Ijumaa, tarehe ishirini na nne. Niliporudi nikaambiwa nisiguse mtoto, na sijagusa. Nafua tu."

"Mtoto wa kwanza alionekana na kirusi lini, Sista?"

"Jumanne, tarehe ishirini na moja."

"Basi Flora, nenda kafue."

Njia ya pili alikuwa ameshaifuata jana yake, kabla ya kuja. Vipimo vya kirusi vilinunuliwa kwa Lazaro, mwenye duka jipya la dawa pale Utemini, mjini Singida, mmoja wa wale waliofungua maduka baada ya serikali kulegeza biashara. Watu walikuwa wameshamhukumu: dawa zimeoza, tarehe zimefutwa, jokofu ni la mapambo. Yeremia alikwenda akafungua jokofu, akatia mkono, likawa la baridi. Akasoma tarehe kwenye maboksi yaliyobaki, zikawa za mwaka 1995, bado miaka miwili, na wino haukuchezewa. Lazaro alitokwa jasho hata hivyo. "Mzee, mimi naletewa na lori kutoka Dodoma," alisema. "Maboksi matatu niliyowapelekea Ntundwa, mawili vichupa vya maji ya kuchanganyia vilipasuka njiani. Niliwaambia wayarudishe nibadilishe. Hawakurudisha. Sasa kosa langu liko wapi?" Yeremia aliandika maneno hayo yote, hata yale ya jasho.

Ilikuwa saa nne alipokwenda jikoni. Alitaka kujua chupa za maji moto za wodini hujazwa na nani, maana mkono unaojaza ni mkono unaoingia. Mpishi, mama mnene aliyeitwa Febronia, alikuwa amesimama juu ya sufuria la maharage na mwiko kama rungu.

"Chupa najaza mimi, na maji yamechemka mpaka yamelia. Usije ukaniongezea kesi, afande, nina kesi yangu hapa." Alichota harage moja akampa. "Tafuna."

Yeremia alitafuna. Lilikuwa gumu kama kokoto.

"Haya yamepikwa tangu saa kumi alfajiri! Wagonjwa wananitukana. Ndiyo maharage ya siku hizi haya, ya kubebwa na malori ya kila mtu, hujui yametoka Kigoma au yametoka kuzimu. Kuni zinaisha, maharage yanakutazama tu."

"Yalianza lini ukaidi huo?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Tarehe ishirini."

"Tarehe mimi sijui. Jumatatu."

"Ulifungua gunia jipya?"

Febronia aliweka mwiko chini. Alikwenda stoo, akarudi polepole.

"Gunia ni lile lile," alisema. "La tangu Julai. Lilikuwa linaiva vizuri."

Yeremia alitoa daftari lake akalikalisha kwenye meza ya kukatia mboga. Sabuni haitoi povu, na mwenye kulaumiwa ni soko huria. Maharage hayaivi, na mwenye kulaumiwa ni malori. Watoto wana kirusi, na mwenye kulaumiwa ni Damari, au Lazaro, au Flora. Kila mlango una mshtakiwa wake. Na yote yameanza ndani ya siku mbili.

"Mama, maji unachota wapi?"

"Tangi la mvua limekauka. Lilikwisha Jumapili ile. Sasa hospitali nzima tunatumia pampu mpya ile ya wafadhili, pale chini."

Alimchotea kikombe. Yeremia alikunywa chote, akalamba midomo, hakuona kitu. Aliyekulia Ikungi, akanywa maji ya visima vya kule tangu anatambaa, ulimi wake haumwambii habari ya chumvi. Febronia naye hivyo hivyo. Pale hospitalini kila mtu alikuwa mtu wa maji yale yale, ndiyo maana hakuna aliyesema neno. Lakini Yeremia alitazama ndani ya birika la chai. Kwenye kuta zake kulikuwa na ukoko mweupe, mpya, mzito kama ukucha.

"Birika hili umelisugua lini?"

"Kila Jumamosi nalisugua. Lina siku tatu tu."

Alichota kikombe kingine cha maji ya pampu, akaondoka nacho mkononi, akikibeba kama kielelezo.

Maabara ilikuwa chumba kimoja, meza moja, na Isaka. Huyu Isaka ndiye aliyewasomea watu wa tarafa hiyo malaria zao na minyoo yao kwa miaka ishirini na miwili. Koti lake halikuwa na doa. Kwenye meza kila kitu kilikaa kwa mstari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Najua ulichokuja kuuliza. Vipimo vyangu ni sahihi. Nimerudia kila kimoja mara mbili."

"Nifundishe. Unapimaje?"

Isaka alipenda kufundisha, hilo lilionekana. "Unachukua kinyesi cha mtoto, kiasi cha kichwa cha njiti. Unakikoroga kwenye maji haya ya kuchanganyia. Unadondosha tone kwenye kadi hii nyeusi, unaongeza tone la dawa hii nyeupe. Unazungusha kadi. Ikibaki laini kama maziwa mabichi, kirusi hakuna. Ikikatika punje punje kama maziwa yaliyoharibika, kirusi kipo."

"Umepima watoto wangapi tangu vipimo vije?"

"Thelathini na wanane. Daktari aliagiza kila anayezaliwa apimwe. Ishirini na sita wa mwanzo walikuwa laini. Kisha kumi na wawili, punje tupu."

"Kumi na wawili kwa kumi na wawili. Hakurukwa hata mmoja."

"Ndiyo ukali wa ugonjwa wenyewe."

"Kichupa kimoja cha maji ya kuchanganyia kinatosha watoto wangapi?"

Isaka aligeuza boksi. "Ishirini. Imeandikwa kwenye boksi."

"Na ulipokea maboksi matatu, vichupa viwili vimepasuka. Lazaro kaniambia." Yeremia aliinua kichupa kilichokuwa mezani, akakielekeza dirishani. "Kichupa cha watu ishirini kimehudumia watu thelathini na wanane, mzee Isaka. Na bado kimejaa nusu."

Nje, pacha mmoja wa kitanda cha nne alikuwa akilia, sauti nyembamba. Isaka alikaa.

"Niliongeza maji," alisema.

"Kwa nini hukurudisha maboksi?"

"Lori la Dodoma linakuja baada ya miezi miwili! Watoto wangepimwa na nini? Sikiliza, kijana. Sisi tulifundishwa kuongeza. Miaka ile ya dhiki spiriti tuliongeza maji, rangi ya kupimia malaria tuliongeza maji, wino wa daftari tuliongeza maji, na majibu yalikuwa sahihi, wakaguzi walikuja wakasaini. Hospitali nyingine zilifunga maabara. Mimi sikufunga. Na sikuongeza maji ya hovyo. Nilichemsha. Nilichuja kwa karatasi. Mara mbili!"

"Sina shaka. Ulichota wapi?"

"Tangini, maji ya mvua. Mpaka..." Isaka alisimama. Macho yake yalikwenda kwenye kikombe alichoshika Yeremia. "Mpaka tangi lilipokauka."

"Ukichemsha maji ya chumvi, mzee, chumvi inakwenda wapi?"

"Inabaki," Isaka alisema taratibu. "Maji yanapungua, chumvi inabaki. Inazidi." Alifuta meza ambayo haikuwa na kitu cha kufuta. Halafu yule mtu wa miaka ishirini na miwili alifanya jambo ambalo Yeremia alilisimulia kwa heshima mpaka anastaafu: hakutafuta wa kumsukumia. Alifungua mlango akaita kwa sauti iliyofika barazani, "Daktari! Sista Damari! Njooni maabara. Na akina mama waje, wasimame dirishani waone."

Walikuja. Scola alisimama mbele kabisa, mtoto kifuani.

Isaka alipanga kadi nyeusi tatu. "Ya kwanza," alisema, "ni maji ya pampu niliyochemsha. Matupu. Hayana kinyesi cha mtoto wa mtu yeyote." Aliongeza tone jeupe, akazungusha. Wote waliinama. Ile nyeupe ikakatika, punje punje, kama maziwa yaliyoharibika.

"Maji yana kirusi?" Scola aliuliza.

"Maji yana chumvi, mama. Chumvi ndiyo inayoigandisha dawa, kama inavyoua povu la sabuni na kukaza maharage ya Febronia." Akavunja kichupa cha maji ya sindano, yale safi ya kuchanganyia dawa za kuchoma, akadondosha kwenye kadi ya pili. Ikabaki laini. Kwenye ya tatu akaweka maji hayo hayo ya sindano pamoja na kirusi cha mfano kilichokuja ndani ya boksi. Ikawa punje. "Kwa hiyo dawa ni nzima. Lazaro hana kosa. Anayepima ndiye aliyekosea, na anayepima ni mimi."

Daktari Philipo alivua miwani. "Pima watoto upya," alisema. "Wote."

"Na wa kumi na mbili," Yeremia alisema. "Mlihifadhi kinyesi cha mtoto wa Elisha?"

"Kiko kwenye jokofu, kimefungwa kwa jina," Isaka alisema. "Mimi situpi kitu."

Damari alikuwa amesimama wima mlangoni, mikono nyuma. Hakuketi alipopewa kiti. Kadi zilikwenda moja moja, Isaka akitaja jina, akizungusha, akiwaonyesha wa dirishani kabla hajasema. Laini. Laini. Pacha wa kwanza, laini. Pacha wa pili, laini. Mtoto wa Scola, laini, na Scola akapiga kigelegele kilichomwamsha mtoto mwenyewe. Kadi ya mwisho Isaka aliizungusha muda mrefu kuliko zote, akaipeleka kwenye mwanga, akairudisha.

"Mtoto wa Elisha," alisema. "Laini."

Ilikuwa saa sita na dakika arobaini.

"Sista," Daktari Philipo alisema, "niliandika jina lako kwenye barua. Nitaandika nyingine."

"Andika," Damari alisema. "Na uandike vizuri, kwa herufi kubwa, watu wa mkoani wasome bila miwani. Miaka kumi na minane." Kisha akageukia dirisha. "Nyie akina mama mnaotazama sinema! Watoto wanapigwa upepo hapo. Wodini, haraka. Mikono mpaka kwenye viwiko!"

Simoni alikuja kuuliza kama safari ipo. Aliambiwa aipeleke Land Rover kwenye mto wa karibu wenye maji matamu, arudi na madebe.

Watoto wote kumi na mmoja waliondoka Ntundwa wakiwa hai, wa mwisho akiwa wa Scola, aliyeruhusiwa tarehe 2 Novemba na kilo mbili kasoro. Isaka aliandika mwenyewe taarifa ya kosa lake kwa mganga mkuu wa mkoa. Alipewa onyo la barua, akaendelea na maabara miaka mingine saba, na akawafundisha vijana wanne. Daktari Philipo alihamishiwa Manyoni mwaka 1995. Lazaro alifungua duka la pili. Flora alisomea uuguzi. Febronia aliomba msamaha kwa wachuuzi wa maharage, si kwa wote. Yeremia Nkuwi alistaafu na cheo kile kile, akajenga nyumba Mandewa. Damari Mpondo aliongoza wodi yake mpaka alipofikisha umri wa kustaafu, na siku ya kukabidhi alimhesabia mrithi wake vijiko, kimoja kimoja. Elisha aliitwa kituoni Singida, akasomewa sababu mpya ya kifo cha mwanawe: kuzaliwa kabla ya wakati. Aliomba asomewe tena. Alisomewa, akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kuifuta kesi, akaondoka kwa miguu. Mwaka uliofuata alimpeleka mkewe kujifungua Ntundwa.